Pima Barabara Kwanza: Kupanua Ekseli za Gari la Mlimani

Kabla hujatoa hata shilingi moja ya ekseli, chukua tepu ya kupimia uende barabarani. Nenda mvua zikiwa zimekatika siku mbili tatu, udongo ungali mbichi na mikondo ya tairi ikionekana wazi. Panda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, Uru au Kilema, acha lami, ingia ile njia unayoipita kila wiki. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa mkondo mmoja hadi ukingo wa kushoto wa mkondo wa pili. Rudia mahali kumi, uandike. Halafu pima kitu ambacho wengi hukisahau: nafasi iliyopo kati ya masale (mimea ya mpaka) ya kihamba (shamba la nyumbani) cha huku na masale ya kihamba cha kule, na upana wa kila daraja la magogo na kila kalvati inayovuka mfongo, yaani mfereji wa maji.

Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wenye pesa na nia njema wakinunua ekseli kwa macho. Gari linapendeza likiwa limeegeshwa. Likifika kwenye njia ya kijijini, tairi moja inakaa kwenye mkondo na nyingine inapanda mgongo wa katikati, gari linalala upande, na dereva anapigana na usukani kutoka chini hadi juu. Mikondo hiyo imechimbwa na Canter, Fuso, matrekta na Landrova za miaka mingi. Huwezi kuihamisha. Gari lako ndilo linalopaswa kuifuata.

Ekseli ninayoizungumzia ni ekseli nzima, yaani bomba moja la chuma lililobeba difu katikati au pembeni, tairi ya kushoto na ya kulia zikiwa zimeshikwa pamoja. Unaikuta mbele na nyuma kwenye Landrova 109, Difenda, Land Cruiser za 75, 78 na 79 ambazo sisi tunaziita Mkonga, Land Cruiser 80, na Hilux za zamani za 4x4. Kama gari lako mbele lina tairi zinazojitegemea, kama Prado au Hilux za siku hizi, hesabu zake ni nyingine na mwongozo huu haukufai.

Upana unanunua nini hasa

Unanunua usalama wa kulala upande. Chukua gari lenye mita 1.46 kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya tairi, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 90 kutoka ardhini. Kwenye karatasi, gari hilo linapinduka likilazwa nyuzi 39. Barabarani linapinduka mapema zaidi, kwa sababu springi hubonyea na tairi hulegea upande wa chini. Sasa liinue sentimita 5 kwa springi ndefu. Ili urudi kwenye nyuzi zile zile 39, ekseli zako lazima ziwe pana zaidi kwa sentimita 8. Kwa hiyo anayeinua gari bila kulipanua amejiongezea hatari, hata kama sasa anapita juu ya mawe makubwa zaidi.

Lakini hesabu inayonisumbua zaidi ni ya keria. Gari hilo hilo likiwa na kilo 2,500, pakia kilo 300 juu ya paa: mabegi ya wapagazi, mahema, mitungi ya gesi, vyakula vya siku saba. Ikiwa mzigo huo uko mita 2.1 kutoka ardhini, kitovu cha uzito kinapanda karibu sentimita 13. Ekseli ya kufidia kosa hilo ingepaswa kuongezeka upana kwa sentimita 21, na ekseli ya namna hiyo hutaipata kwenye gari la kawaida. Kuteremsha mzigo ukauweka ndani, chini ya viti, ni kazi ya nusu saa na haina gharama. Kama unabeba watalii na wapagazi kwenda malango ya Londorossi au Umbwe, anza hapo. Ukishateremsha mzigo na bado gari halitulii, ndipo tuzungumze ekseli.

Mkonga wa 2007

Mfano mzuri wa kujifunzia uko mbele ya macho yetu kila siku. Mwaka 2007 Toyota waliweka injini ya dizeli ya V8 ya lita 4.5 kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70. Injini ilikuwa pana, chasisi ya mbele ikabidi ipanuliwe, na ekseli ya mbele ikapanuliwa pamoja nayo. Ekseli ya nyuma ikaachwa kama ilivyokuwa. Matokeo yake ni kwamba nyuma ni nyembamba kuliko mbele kwa karibu milimita 95, sawa na milimita 47 na nusu kila upande.

Kwenye lami hutaona kitu. Kwenye matope ya juu ya Machame mwezi wa Aprili utaona. Tairi za mbele zinakata njia, na badala ya tairi za nyuma kupita kwenye njia iliyokwisha kukatwa, zinakata njia nyingine ya ndani. Injini inasukuma udongo mara mbili. Kwenye mchanga ni hivyo hivyo, ndiyo maana Waaustralia, ambao wanayatumia sana magari haya, wana karakana nzima zinazotengeneza ekseli za nyuma zilizorefushwa kwa ajili ya kurekebisha jambo hilo moja.

Usidhani kwamba gari lako lina tofauti hiyo au halina. Mkonga wa masoko mbalimbali umeingia Tanzania, mwingine mpya, mwingine mtumba, mwingine umeshabadilishwa ekseli na mtu usiyemjua. Lipime. Njia ni rahisi: tairi zikiwa zimenyooka, pima kutoka ukingo wa nje wa tairi ya kushoto hadi ukingo wa ndani wa tairi ya kulia, ule ulioelekea upande wako wa kushoto. Hicho ndicho kipimo cha katikati kwa katikati, bila kujali unene wa tairi. Pima mbele ya tairi na nyuma ya tairi, kisha tafuta wastani.

Na hapa nitoe msimamo wangu mapema: mbele na nyuma kulingana ni jambo la maana kuliko upana wenyewe. Gari lenye mita 1.48 mbele na nyuma litanyooka mlimani kuliko lenye mita 1.60 mbele na 1.46 nyuma.

Ekseli za kutoka wapi

Mwenye Mkonga wa zamani, ule wa 75 wenye springi za pasi mbele na nyuma, kwa kawaida macho yake yanaangukia Land Cruiser 80. Gari hilo lilitengenezwa kuanzia 1990, lina ekseli nzima mbele na nyuma, na upana wake ni karibu mita 1.60 kote kuwili. Ni ekseli imara na vipuri vyake vinapatikana. Ila zimejengwa kwa ajili ya springi za koili, kwa hiyo mabano yake yote ya asili lazima yakatwe, na viti vya springi za pasi vichomelewe upya. Kazi hiyo nitairudia chini kwa sababu ndipo magari mengi yanapoharibikia.

Angalia pia aina ya ekseli ya nyuma. Kuna ekseli ambayo uzito wa gari unabebwa na bomba lenyewe, na shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika shafti, tairi inabaki mahali pake. Na kuna ile ambayo shafti inazungusha na kubeba uzito pia. Ikikatika, tairi inaweza kuondoka na shafti yake. Za 80 zilitoka kwa aina zote mbili. Utaitambua ya kwanza kwa habu inayochomoza katikati ya rimu ikiwa na duara la nati za kushikia shafti. Kwa gari la kubeba mizigo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, chukua hiyo tu.

Wenye Landrova wana historia yao. Landrova za zamani, 88 na 109, zina upana wa inchi 51 na nusu, yaani milimita 1,308. Ilipotoka 110 mwaka 1983, upana ukawa inchi 58 na nusu, milimita 1,486. Bodi haikupanuliwa sana, ndiyo maana Difenda ina zile nyusi za plastiki juu ya tairi. Wengi hupenda kuvua ekseli za 110 na kuziweka kwenye 109, na kwa bahati nzuri matundu ya rimu yanafanana: stadi 5 kwenye duara la milimita 165.1.

Tatizo liko kwenye difu. Ya 109 inazunguka 4.7 kwa 1, ya 110 ni 3.54 kwa 1. Ukihamisha ekseli nzima na difu yake, gari linakuwa na mbio tambarare na linakosa nguvu kilimani. Kutoka Moshi, ambako ni chini ya mita 1,000, hadi lango la Marangu lililo karibu mita 1,900, injini ya zamani ya lita 2.25 itakulilia gia ya pili njia nzima. Kumbuka hewa nayo inapungua unavyopanda. Kwenye uwanda wa Shira, ambako magari ya uokoaji hufika zaidi ya mita 3,400, hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ekseli pana ni nzito, tairi kubwa ni nzito zaidi. Usimwongezee mzigo punda ambaye pumzi imeshampungukia.

Namba za kujua kabla ya kulipa

Uwiano wa difu ya mbele na ya nyuma lazima ulingane sawasawa. Ukikosea, siku utakayoingiza gia ya miguu minne kwenye ardhi ngumu, kitu kitavunjika. Usimwamini muuzaji wala alama ya rangi. Jeki tairi moja, nyingine ibaki chini, gia iwe huru. Weka alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi iliyoinuliwa. Zungusha tairi hiyo mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Idadi hiyo ndiyo uwiano. Propela ikizunguka mara 4 na kidogo, karibu sehemu moja ya kumi, una 4.10.

Kisha tazama difu iko upande gani. Land Cruiser, Landrova na Nissan Patrol zote zina difu ya mbele upande wa kulia, na propela inashuka upande huo. Ekseli ya gari lingine yenye difu kushoto haitaingia, hata ukipewa bure.

Hesabu stadi. Land Cruiser 80 ina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7, sawa na 75. Mkonga wa 78 na 79 uliotoka kuanzia 1999 una stadi 5 kwenye duara la milimita 150. Ukichanganya, mbele tano na nyuma sita, itakubidi ubebe tairi za akiba mbili tofauti. Anayepeleka watu Rongai au Londorossi, mbali na gereji, asikubali hali hiyo hata siku moja.

Unaponunua ekseli iliyotumika, iwe Gerezani Dar es Salaam au kwa mwenye gari bovu hapa Moshi, iweke kwenye stendi mbili na uvute uzi kutoka ncha hadi ncha. Bomba likiwa limepinda, uzi utakuonyesha. Mwaga oili uitazame: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yaliingia na beringi zimeshaanza kuoza. Kwenye ekseli ya mbele, oili ikiwa imechanganyika na grisi kwenye mabakuli ya usukani, sili za ndani zimekufa, bei ipungue. Fungua difu uangalie kila jino la kraunwili. Na dai karatasi ya mauziano yenye jina na namba ya gari ilikotoka, kwa sababu vipuri vya wizi vipo, na atakayekamatwa navyo ni wewe.

Spesa

Utaambiwa kwamba njia fupi ni spesa. Kwa nyuma, spesa nzuri ya chuma au aluminiamu, iliyokerezwa ikakaa sawasawa kwenye kitovu cha habu na kubana kwa stadi zake yenyewe, inaweza kurekebisha Mkonga wa 2007. Lakini fahamu kinachotokea: tairi inasogea nje, beringi zinabaki palepale, na kila shimo linazipiga kwa mkono mrefu zaidi. Zikague mapema kuliko ulivyozoea.

Kwa mbele siikubali. Ukisogeza tairi ya mbele nje ya habu yake, inaanza kuzunguka kwa kuburuza badala ya kugeuka mahali pamoja. Kila jiwe linarudisha pigo mkononi mwa dereva, na kwenye kona kali za njia za Rombo usukani unaweza kumpokonya. Upana wa mbele utoke kwenye ekseli yenyewe kuwa ndefu. Rimu zenye kina kifupi zina madhara yale yale ya spesa, ingawa hazionekani.

Kazi ya kuchomelea

Hapa mkabidhi mtu anayejua. Nilipobadilisha ekseli ya kwanza, gereji moja ilinichomelea viti vya springi kwa kukadiria. Difu ikatazama juu kupita kiasi, propela ikawa inatetemeka kuanzia spidi ya 60, na kros zake nilizibadilisha mara tatu ndani ya mwaka mmoja kabla sijakubali kukata kila kitu na kuanza upya.

Mambo ya kusimamia ni haya. Umbali kati ya kiti cha springi cha kushoto na cha kulia upimwe kutoka kwenye chasisi yako, wala usichukuliwe kwenye gari la mtu mwingine. Viti vishikizwe kwa nukta chache tu kwanza, ekseli ifungwe kwenye gari, gari lishushwe likae kwa uzito wake wote pamoja na mzigo wa kawaida, ndipo ulalo wa difu upimwe kwa pimamaji yenye nyuzi. Kwa ekseli ya mbele, ulalo huo huo ndio unaoamua kama usukani utarudi wenyewe baada ya kona. Ukiwa mdogo, gari litazurura barabarani na hutapumzika hata kwenye lami ya Himo. Kipimo kikikubalika, ondoa ekseli, toa shafti na sili, kisha viti vichomelewe urefu mfupi mfupi, upande huu kisha upande ule, chuma kipoe katikati. Bomba linalochomelewa kwa mkupuo mmoja linapinda. Rudia mtihani wa uzi ukimaliza. Kama humjui mchomeleaji wa kumwamini, waulize walimu wa VETA Moshi. Wanawajua vijana waliopitia mikononi mwao.

Breki ziangaliwe kama mfumo mmoja. Ekseli ya nyuma yenye diski kwenye gari lililokuwa na drami inahitaji silinda kuu inayoweza kusukuma mafuta ya kutosha, na kebo ya breki ya mkono itakayofika. Kwenye mteremko wa kutoka Mweka hakuna nafasi ya kujaribu.

Na pandisha mipira ya kupumulia ya difu hadi usawa wa boneti. Ekseli iliyopata moto ikiingia kwenye maji baridi ya mfongo, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Mpira wa mita mbili unazuia hasara ya difu nzima.

Kipi basi ununue

Turudi kwenye namba zako za barabarani. Mkonga wa 75 una bodi ya milimita 1,690. Ukiuwekea ekseli za mita 1.60 na tairi za milimita 285, kutoka ukingo hadi ukingo ni milimita 1,885, yaani karibu sentimita 10 zimetoka nje ya bodi kila upande. Tairi hizo zitarusha mawe kwa waenda kwa miguu, wanafunzi na akina mama wanaotoka sokoni, kwa hiyo nyusi pana ni lazima. Pia zitagusa masale na kingo za kalvati ulizokuwa ukipita bila kufikiri. Tairi nyembamba, 7.50R16 au 235/85R16, kwenye ekseli ile ile inakurudishia sentimita 5 hadi 8 na inakata matope hadi kwenye udongo mgumu, badala ya kuelea juu yake. Kwa udongo wetu wa volkano, ekseli pana na tairi nyembamba ndiyo ndoa ninayoipendekeza.

Kama mikondo uliyopima iko kati ya mita 1.45 na 1.55, na kazi yako ni kubeba ndizi, kahawa, saruji na watu kati ya vijiji na Moshi mjini, bakia na ekseli zako, teremsha mzigo, hakikisha mbele na nyuma zinalingana. Mwenye Mkonga wa kuanzia 2007 arefushe nyuma ilingane na mbele. Ekseli za 80 nampa yule ambaye gari lake limeinuliwa, linabeba mizigo mizito, na njia zake ni pana, kama zile za misitu ya Siha au mbuga za upande wa chini.

Kabla ya kukata chuma, muone mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani na mwandikie wakala wako wa bima, umweleze unachobadilisha. Bima inaweza kukataa kulipia gari lililobadilishwa kimyakimya. Kazi ikiisha, liendeshe tupu kilomita 100, urudi ukaze yubolti zote, stadi zote na nati za habu. Liendeshe nyingine 500 likiwa na mzigo wa mchanga, ukaze tena, uguse kila habu kwa mkono kuona kama kuna inayochemka kuliko wenzake. Mpaka hapo, ndugu yangu, usipakie abiria hata mmoja.